Kwa Nini Ulinirudisha Nyumbani?

Mhadhara kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uuguzi na ukunga

Marahaba, wanangu. Kaeni, kaeni. Walimu wenzangu, asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nieleze ni kitu gani kinamgeuza mtu, akatoka kwenye kutimiza zamu yake na kurudi nyumbani, akaingia kwenye kupigania jambo. Najua wengi mnatarajia nizungumzie mwito. Mimi sikuwahi kuamka asubuhi nikasikia mwito. Na watu ninaowaheshimu katika kazi yetu, nikifuatilia maisha yao, naona waligeuzwa na mgonjwa. Mgonjwa aliwauliza kitu, wakafungua kabati la dawa, jibu halikuwamo.

Tuichukue fistula. Mmeisoma, lakini niacheni niirudie taratibu. Uchungu ukipitiliza hadi siku ya pili, ya tatu, na mtoto hashuki, kichwa chake kinaikandamiza nyama laini iliyo kati ya kibofu na uke, kinaibana kwenye mfupa wa nyonga. Damu haipiti. Nyama ile inakufa, baada ya siku chache inabanduka, linabaki tundu. Mara nyingi mtoto naye amefariki. Mama anarudi nyumbani mikono mitupu, na mkojo unamtoka usiku na mchana. Mkimwona mwanamke amejifunga khanga tatu kiunoni na jua linawaka, msidhani anasikia baridi.

Mwaka 1959 madaktari wawili, mtu na mkewe, Reginald na Catherine Hamlin, walitoka Australia wakaenda Addis Ababa kwa mkataba wa miaka mitatu. Waliitiwa kuanzisha shule ya wakunga, ninyi hasa. Fistula walikuwa wameikuta vitabuni tu, kwa sababu kwao mama aliyeshindwa kujifungua alikuwa akifanyiwa upasuaji mapema. Ethiopia wakaanza kuwapokea wanawake waliotembea siku nyingi kutoka vijijini, kwa kuwa kwenye basi abiria wenzao waliwashusha kwa harufu. Wakajifundisha kushona matundu yale. Mwaka 1974 wakafungua hospitali ya fistula peke yake. Mkataba wa miaka mitatu uliishia hapo hapo Addis Ababa mwaka 2020, Mama Catherine alipofariki akiwa na miaka 96.

Katika hospitali ile, anayenigusa kuliko wote ni Mamitu Gashe. Yeye aliletwa kama mgonjwa, binti wa kijijini ambaye hakuwahi kukaa darasani. Alipotibiwa hakuondoka. Alianza kwa kutandika vitanda, akasogea kwenye meza ya upasuaji akawa anashika vifaa, jicho likazoea, mkono ukazoea, mwisho akawa anashona mwenyewe. Madaktari wenye shahada wakaja kujifunza kwake. Nawaomba mlitafakari hilo mtakapokuwa wodini na mgonjwa wenu hajui kuandika jina lake.

Jirani yetu wa pili ni Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Baba yake alikuwa mchungaji, na mtoto alifuatana naye kuwaombea wagonjwa. Siku moja walimwombea kichanga mahututi, mtoto akamwuliza baba mbona hajampa dawa. Baba akamjibu kwamba dawa si kazi yake, ni kazi ya munganga. Kiswahili cha Bukavu munganga ni daktari. Na sisi tunasema Mganga Mkuu wa Mkoa, neno ni lile lile. Basi mtoto akaamua atakuwa munganga.

Angalieni alivyosukumwa. Alisomea udaktari Bujumbura, akitaka kutibu watoto. Alipofika hospitali ya Lemera, kwao Kongo, akakuta akina mama wanabebwa kutoka milimani wakiwa wanavuja damu, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea uzazi na magonjwa ya wanawake. Akarudi. Oktoba 1996 vita vikaingia Lemera, wagonjwa wakauawa vitandani na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi ili wanawake wapate mahali pa kujifungulia. Mgonjwa wa kwanza hakuja kujifungua. Alikuwa amebakwa na watu wenye silaha, kisha wakampiga risasi sehemu za siri na mapajani. Wakafuata wengine, maelfu. Daktari akashona, akashona, hadi akaona kwamba sindano yake haiwezi kuufikia mkono unaotoboa. Ndipo akaanza kusema hadharani, mpaka Umoja wa Mataifa.

Oktoba 2012 watu wenye bunduki walivamia nyumba yake, mtu aliyekuwa akimfanyia kazi akauawa, naye akaenda uhamishoni na familia. Hapo wanawake wa kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, wakauza nanasi na vitunguu wakachanga nauli ya ndege ya kumrudisha. Januari 2013 akarudi. Watu wanaitaja Nobel ya Amani aliyopewa mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, mwanaharakati wa Iraki, na ni haki yake. Lakini mimi nikichoka nayakumbuka yale mananasi. Mtu hageuki mara moja akabaki amegeuka. Anachoka, anaogopa, na wale wale waliomgeuza ndio wanaomrudisha kazini.

Sasa niseme langu. Kisa hiki nimekiombea ruhusa kwa mwenyewe.

Nilikuwa zahanati ya kijijini, peke yangu na mhudumu mmoja. Binti wa miaka kumi na nane alifika jioni, mimba ya kwanza. Nikampima: njia ya uzazi imefunguka sentimita mbili. Uchungu mchanga. Kitabuni nilikuwa sahihi, patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, hatuianzi hapo. Nikamwambia arudi nyumbani, uchungu ukichanganya aje. Kwao palikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu, na mvua za masika zilikuwa zimeanza. Sikumwuliza anakaa wapi. Nilikuwa nimekesha usiku wa jana yake, nikafunga mlango nikalala.

Hakurudi. Nilidhani amejifungulia nyumbani, kama wengi.

Miaka minne baadaye alikuja kliniki kumleta mtoto wa dada yake apimwe uzito. Benchi lilikuwa na nafasi, yeye akakaa nyasini, mbali na wenzake. Nikamfuata nikamwambia, “Njoo ukae, mwanangu.” Akasema, “Hapana nesi, nitalilowesha.” Halafu akaniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Akaniuliza, “Siku ile kwa nini ulinirudisha nyumbani?”

Ningeweza kumweleza habari ya sentimita. Sikuweza kufungua mdomo.

Baadaye nikampigia simu balozi wa fistula, yaani mtu anayewatafuta wagonjwa kwa kushirikiana na CCBRT, ile hospitali ya Dar es Salaam iliyokuwa ikitibu fistula bure na kutuma nauli ya mgonjwa kwa M-Pesa, maana walishagundua kwamba kilichowazuia wanawake wengi ni nauli ya basi. Nauli ikaingia, binti akasafiri, akashonwa. Kwa upande wa matibabu kazi iliishia hapo.

Lakini swali lake lilibaki kwangu. Nyuma ya zahanati palikuwa na stoo ya vitanda vibovu na magunia ya mtu. Nikaenda serikali ya kijiji kuiomba, nikaambiwa nisubiri kikao. Nikasubiri vikao vitatu. Cha nne niliingia na wanawake wawili wa vikoba, wakakaa sakafuni mbele ya meza, hawakuondoka mpaka ufunguo ulipotolewa. Ikawa chumba cha kusubiria: vitanda vinne, jiko la nje, sufuria za kuchangia. Vikoba vikatenga fungu la pikipiki na gari la kwenda wilayani usiku. Mama anayetoka mbali anakuja wiki mbili kabla ya tarehe yake. Mambo haya sikufundishwa chuoni, na mpaka leo mengine nayafanya kwa kubahatisha. Kila mama ninayempima sasa, kabla ya sentimita namwuliza analala wapi leo.

Yule binti ndiye anayeutunza ufunguo wa chumba kile. Ndiye anayekwenda kitongoji kwa kitongoji, akiona khanga tatu wakati wa jua anakaa chini na mwenyewe. Nilipoalikwa hapa niliwaambia walimu wenu wamwalike yeye. Akakubali kwa sharti moja, kwamba nitangulie mimi kusema nilichokifanya. Nimeshasema. Yupo pale, benchi la mbele, mwenye ushungi wa kijani.

Karibu, mwanangu. Kipaza sauti hiki hapa.