Kamera ya Mlangoni na Sitara ya Jirani

MWANAISHA: Karibuni tena kipindini. Bwana Shee, kuna msikilizaji wetu wa Mkomani, hapa Lamu, anataka kujitengenezea kamera ya mlangoni. Aanzie wapi?

SHEE: Achukue Raspberry Pi Zero 2 W. Ni kompyuta nzima juu ya kibao kimoja, kidogo kuliko kadi ya benki. Ilitoka 2021, ina RAM ya megabaiti 512, na kwa kazi hii yatosha. Kisha Camera Module 3, ya megapikseli 12. Vichochoro vyetu vina giza, dada, kwa hivyo achague ile ya NoIR, isiyo na kichujio cha infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho. Akiiwekea taa ya infraredi, ataona usiku bila kummulika mtu usoni.

MWANAISHA: Na mchana?

SHEE: Rangi hupotoka, majani huonekana ya waridi. Kwa mlango si hoja. Ila aangalie waya: tundu la kamera kwenye Zero ni la pini 22, na ule waya mpana wa pini 15 hauingii.

MWANAISHA: Chumvi ya bahari je?

SHEE: Sanduku lililozibwa kwa mpira, na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ndani. Alifunge kwenye boriti za daka, ule ukumbi wa nje wa mlangoni, kivulini, maana Pi ikifika nyuzi 80 hujipunguzia kasi yenyewe.

MWANAISHA: Kwenye boriti, naam. Kuta za matumbawe zisitobolewe ovyo, mji huu ni Urithi wa Dunia tangu 2001. Na umeme ukikatika?

SHEE: Kadi ya kumbukumbu huweza kuharibika ikikatiwa umeme huku inaandikwa. Ndani ya raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi, kuna Overlay File System. Akiiwasha, kadi inasomwa tu, haiandikwi. Video ziende kwenye flashi.

MWANAISHA: Sasa nikwambie linalonikera mimi. Nyumba zetu za mawe zimejengwa kwa sitara. Unatoka daka, unaingia tekani, ukumbi wa ndani, njia inapinda, na aliye nje hakioni kiwanda, ule ua wa katikati ya nyumba. Leo tunatundika jicho linalomwona jirani kila akifungua mlango, pengine bado hajajitanda. Hilo silikubali.

SHEE: Wala mimi silikubali, na dawa ipo. Kuna programu ya bure inaitwa Motion. Inalinganisha picha na picha, na pikseli zilizobadilika zikizidi kiwango ulichoweka, inaanza kurekodi. Kiwango chake cha mwanzo ni 1500. Hapa kwetu punda akipita tu, imerekodi. Basi unachora picha ya PGM, aina ya faili la picha lisilo na rangi: nyeusi juu ya kichochoro, nyeupe juu ya mlango wako, unaiweka kwenye mpangilio wa Motion uitwao mask_file.

MWANAISHA: Na jirani haonekani tena?

SHEE: La, hapo ndipo wengi hupotea! Mask_file inazuia kichochoro kisianzishe kurekodi, basi. Mgeni akisimama mlangoni pako, video itamchukua na jirani nyuma yake. Ya kumsitiri ni mpangilio mwingine, mask_privacy. Hiyo inaifuta sehemu yenyewe kwenye picha, haihifadhiwi popote.

MWANAISHA: Basi hiyo ndiyo ya lazima. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na ujirani wetu ulikuwa na haki hiyo kabla ya Katiba. Na kutazama kwenye simu ukiwa safarini?

SHEE: Asifungue mlango wa ruta kwa dunia nzima. Aweke WireGuard, programu ya VPN, yaani njia ya siri ya mtandaoni, apite humo.

MWANAISHA: Nami naongeza: kabla ya kukaza skrubu, amwite jirani, amwonyeshe skrini. Aone kwa macho yake mlango wake umezibwa.

SHEE: Na siku akibadilisha ukubwa wa picha, achore PGM upya, ili vipimo vyake vilingane na vya kamera. Kisha amwite jirani aangalie tena.