Kemia ya Angahewa Ndani ya Kompyuta: Tupunguze Nini, Tubakize Nini?

Mabibi na mabwana, naomba tuanze na hesabu. Modeli ya tabianchi, yaani programu ya kompyuta inayoiga hali ya hewa ya dunia, huigawa angahewa yote katika visanduku. Tukichukua visanduku vyenye upana wa kilomita 100 kila upande, tukavipanga katika tabaka 50 kwenda juu, tunapata visanduku vipatavyo milioni 2.5. Tukienda kwa hatua za nusu saa kwa muda wa miaka 100, kompyuta italazimika kukirudia kila kisanduku zaidi ya mara milioni 1.7, yaani jumla ya zaidi ya mara trilioni 4, na kila mara itauliza swali lile lile: gesi zilizomo humu zimemenyukaje, yaani zimebadilikaje kuwa gesi nyingine, tangu tulipoziacha? Kemia iliyokamilika kiasi huwa na gesi mia moja au mia mbili na mimenyuko mamia kadhaa, na kila gesi, mbali na kumenyuka, haina budi kusafirishwa na upepo kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Ndiyo maana modeli nyingi huiacha kemia kabisa na kutumia majedwali ya ozoni yaliyoandaliwa mapema.

Lakini wingi wa gesi ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ni tofauti ya kasi. Methani hukaa hewani takriban miaka 9, ilhali haidroksili, molekuli ndogo ya oksijeni na hidrojeni inayoiondoa sehemu kubwa ya methani hiyo, huishi kiasi cha sekunde moja. Hesabu inayomfuata huyu wa sekunde hatua kwa hatua haitafika karne. Kwa hiyo kompyuta hulazimika kuitatua milinganyo yote kwa pamoja, kila mmoja ukiutegemea mwenzake, na hapo ndipo muda wa kompyuta unapoteketea. Wala haidroksili haiwezi kutupwa eti kwa kuwa ni haba. Karibu na uso wa dunia, mchana, tunaikuta kama molekuli moja kati ya molekuli trilioni 25 za hewa, na bado ndiyo inayoamua methani itadumu kwa muda gani.

Sasa tuchungulie ndani ya kisanduku kimoja alfajiri. Jua linachomoza, mwanga unaivunja nitrojeni dioksaidi, na atomi moja ya oksijeni inaachwa peke yake. Kabla hata sekunde haijaisha, atomi hiyo imeshaungana na molekuli ya oksijeni na kuwa ozoni. Dakika chache baadaye ozoni hiyo inaweza kukutana na nitrojeni monoksaidi, na nitrojeni dioksaidi ikarudi kama ilivyokuwa. Mzunguko huu ni wa haraka mno, lakini ukizihesabu pamoja ozoni, atomi ya oksijeni na nitrojeni dioksaidi kama ukoo mmoja, jumla ya ukoo haibadiliki katika mzunguko huo. Hubadilika polepole, kwa siku na majuma. Basi tunausafirisha ukoo badala ya kila mwanaukoo, kisha tunagawa mafungu ndani yake kwa hesabu fupi inayochukulia kwamba vinavyozaliwa haraka hufa haraka kwa kiwango kile kile. Binafsi naiona hii kuwa njia bora kuliko zote za kupunguza gharama, kwa sababu imejengwa juu ya tabia ya hewa yenyewe.

Kwingine kupunguza kuna hatari, na historia ya ozoni inatuonya. Mwaka 1930 Sidney Chapman aliieleza ozoni ya stratosfera, tabaka la juu la angahewa lenye ozoni nyingi, kwa kutumia oksijeni peke yake, katika mimenyuko michache tu, na maelezo yake yalitoa ozoni nyingi kuliko iliyopo. Paul Crutzen akaonyesha mwaka 1970 mchango wa oksaidi za nitrojeni katika kuiharibu ozoni. Mario Molina na Sherwood Rowland wakaonyesha mwaka 1974 mchango wa klorini. Hata hivyo, tundu la ozoni juu ya Antaktika lilipotangazwa mwaka 1985, modeli za wakati huo hazikuwa zimelitabiri, kwa kuwa hazikuwa na mimenyuko inayotokea juu ya chembe za mawingu ya barafu kwenye baridi kali ya ncha ya dunia. Katika wastani wa dunia nzima, kasoro ile haikuonekana.

Kwa hiyo siridhiki ninapoonyeshwa kemia iliyofupishwa ikilingana na ozoni ya leo. Nataka ipelekwe kwenye hewa ya mwaka 1850, kisha kwenye hewa yenye methani maradufu, na kila mara ilinganishwe na kemia kamili: juu ya bahari pweke, juu ya misitu inayotoa isoprini, gesi itokayo kwenye majani ya miti, kwa wingi, na juu ya miji. Mtihani huo huo nautaka kwa programu zinazojifunza kemia kutokana na data. Ni za haraka kweli, lakini kosa dogo la kila hatua hurithiwa na hatua inayofuata, na isipowekwa sharti kwamba atomi zihifadhiwe, nitrojeni inaweza kutoweka au kuzuka bila chanzo.

Muda utakaookolewa ningeutumia kuiendesha modeli ile ile mara nyingi, kila mara ikianza na hali ya hewa iliyotofautiana kidogo tu, kwa sababu badiliko la ozoni linaloonekana modeli ikiendeshwa mara moja tu, yaani katika mwendo mmoja, linaweza kuwa ni mageuko ya kawaida ya upepo, na mwendo huo mmoja, hata uwe na kemia kamili kiasi gani, hauwezi kututofautishia mambo hayo mawili. Ahsanteni, nakaribisha maswali.