Kelele za Umeme katika Redio ya Gari

Ndugu madereva na mafundi umeme wa magari, nashukuru kwa kunialika. Nitazungumzia kelele zinazomeza sauti ya redio ya mawasiliano mara tu injini inapowaka, na nawaomba muweke bisibisi chini kwanza, kwa sababu katika kazi hii sikio ndilo linalotangulia.

Mikwaruzo inayokazana kadiri mnavyokanyaga mafuta hutoka kwenye plagi, kwani kila cheche hurusha mawimbi na nyaya za plagi huyasambaza kama antena. Mluzi mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na injini hutoka kwenye alterneta, yaani jenereta inayochaji betri, na dayodi yake moja (kijisehemu kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu) ikifa mluzi huzidi. Ndiyo maana hata Land Cruiser ya dizeli, isiyo na plagi za cheche, huweza kupiga mluzi.

Kisha chomoeni waya wa antena nyuma ya redio, lakini msibonyeze kitufe cha kuongea wakati huo, maana redio inaweza kuungua. Kelele ikikatika, ilikuwa ikiingia kupitia antena. Ikibaki, inapita kwenye nyaya za umeme. Inaniuma kuona mtu ananunua vichujio vya kelele kabla ya jaribio hili la nusu dakika. Mimi mwenyewe niliwahi kushinda mchana kutwa kwenye alterneta, kumbe mkorofi alikuwa chaja ya simu iliyochomekwa kwenye soketi ya kiberiti.

Kelele ya nyaya hupungua sana redio inapopewa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi ikiwa karibu na betri. Kwa plagi, tafuteni zenye ukinzani ndani, yaani kizuizi cha umeme kinachopunguza kelele za cheche. Kwenye namba za plagi za kampuni ya NGK, kwa mfano BPR6ES, herufi R ndiyo alama yake, na ukinzani huo ni kama kiloohmu 5.

Panapopuuzwa zaidi ni kitako cha antena. Rangi na kutu huzuia umeme kufika kwenye bodi, kwa hiyo parueni kwa msasa mpaka chuma king'ae, kazeni nati, kisha pakeni grisi kuzuia kutu isirudi. Boneti nayo hushikwa na bawaba zenye grisi na vumbi, hivyo haifuniki mawimbi ya injini ipasavyo: iunganisheni na bodi kwa utepe mfupi, mpana, wa nyaya za shaba zilizosukwa, kila upande, halafu washeni injini na msikilize tena.