Hii ni ya Ngapi?

(Mhadhara kwa wahudumu wa afya ya jamii na vyama vya akina mama, Kondele, Kisumu)

Hamjambo, akina mama. Walio mlangoni sogeeni, viti viko. Na wazee wawili ninaowaona pale dirishani, karibuni, msione haya.

Leo tunazungumzia kutoa mimba zaidi ya mara moja. Nianze na kosa langu. Zamani nikiwa nesi kijana katika hospitali moja ya kanda hii, aliletwa mama kwa baiskeli ya bodaboda, leso imelowa damu. Nikamuuliza, nyusi nimeziinua: "Hii ni ya ngapi?" Akaangalia ukuta. "Ya kwanza, sista." Nikaandika ya kwanza. Kumbe ilikuwa ya nne, na mbili kati ya hizo alikwanguliwa kwa chuma. Tulikuja kujua baadaye sana, siku aliyojifungua na kondo la nyuma likakataa kutoka. Tungejua mapema, damu ya kumwongezea ingekuwa tayari. Alipona, lakini kizazi kilitolewa. Faili ilisema uongo, na uongo ule niliuzaa mimi kwa nyusi zangu.

Sasa swali mnaloulizwa kila siku huko mitaani: mwanamke akitoa mimba mara mbili, tatu, nne, ataweza kuzaa tena? Wengi hujibu kwa kuhesabu. Mimi nauliza kwanza: alitolewa kwa kifaa gani, na mkono wa nani, mimba ikiwa ya wiki ngapi?

Tazameni hapa mezani. Hiki cha chuma ni kama kijiko chenye ukingo mkali. Na hili bomba la plastiki, mililita 60, wodini tunaliita MVA. Lina mrija mdogo laini unaoingia kizazini, kisha linafyonza. Nani hapa hajawahi kuosha sufuria ya ugali? Ukiiloweka, ukoko unabanduka wenyewe, sufuria inabaki nzima. Ukiukwangua kwa kisu, unachukua ukoko pamoja na sufuria. Kizazi kina utando unaoota upya kila mwezi kutoka kwenye tabaka la chini. Chuma kikifika tabaka hilo, panabaki kovu, na kuta mbili zinaweza kushikana. Daktari Joseph Asherman alilieleza jambo hili mwaka 1948, na tatizo likabeba jina lake. Hedhi inapungua au inakatika, mimba haishiki, au kondo la nyuma linajichimbia mahali pasipofaa.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema chuma kiachwe, litumike bomba la kufyonza hadi wiki 14, au dawa. Kwa njia hizo, zikifanywa na aliyefunzwa, hakuna ushahidi kwamba kurudia kunaleta utasa. Dawa hazikusanyiki mwilini zikangoja mimba ijayo. Hata ile hofu ya saratani ya matiti ilichunguzwa: mwaka 2004 data za tafiti 53 kutoka nchi 16 ziliunganishwa, uhusiano haukuonekana.

Lakini sitawadanganya kwamba kurudia si kitu. Kila mara ina hatari yake ya damu na maambukizi, hata kama ni ndogo. Mlango wa kizazi ukipanuliwa kwa nguvu tena na tena, uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati unapanda kidogo. Dawa ya kuulainisha kabla ya kazi inausaidia. Na sisi wa ziwani tuna malaria, tuna selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mama ambaye damu yake iko chini tayari hawezi kupoteza nyingine kama yule mwenye damu ya kutosha.

Tena kizazi hakijui kama mimba ilitolewa au ilitoka yenyewe. Yule anayeharibikiwa na mimba kila mara, na kila mara anasafishwa kizazi, maneno haya ni yake pia.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinakataza kutoa mimba, isipokuwa mtaalamu wa afya aliyefunzwa aone dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini. Anayevuja damu tayari ana haki ya matibabu ya dharura, vyovyote ilivyoanza. Hilo liko Kifungu cha 43. Woga ndio unaowapeleka vichochoroni. Wizara ya Afya na watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu barani Afrika, walikadiria kuwa mwaka 2012 mimba 465,000 hivi zilitolewa nchini, na wanawake karibu 120,000 wakatibiwa madhara. Bonde la Ufa, Nyanza na Magharibi ndizo zilizoongoza. Tuko hapo hapo.

Na mimba ya pili huja haraka kwa sababu ya ushauri mbaya: "Ngoja hedhi irudi ndipo upange uzazi." Yai linaweza kutoka ndani ya wiki mbili, kabla ya hedhi yoyote! Kipandikizi au sindano anaweza kupata siku ile ile. Koili pia, mradi kizazi ni kitupu na hakuna maambukizi.

Mkimwona analowesha pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo, au ana homa, au uchafu unanuka, msingoje asubuhi.

Naam, mama wa pale nyuma? ... Umesafishwa mara nne, na sasa una mimba ya miezi mitatu. Hongera, dada. Hedhi ilikuwa inakuja kawaida kabla ya hii? Vizuri, hiyo ni dalili njema. Ukienda kliniki omba picha ya ultrasound itazame kondo limekaa wapi, na irudiwe mimba ikikua. Hicho kidaftari ulichoshika, andika humo: mwaka gani, wiki ngapi, chuma au bomba au dawa. Umpe nesi mkononi. Na akiinua nyusi, mwambie asome kwanza.