Mbuzi wawili, kigingi kimoja

Walimu wenzangu, haidrojeni naiacha. Bohr aliimaliza mwaka 1913, na kila mwanafunzi wa hapa Moshi ameshakariri ile 13.6, yaani nishati ya kuing'oa elektroni yake pekee, kwa elektronivolti, kipimo kidogo cha nishati. Nataka tuzungumze kuhusu heliamu.

Imeongezeka elektroni moja tu, lakini mlinganyo wa Schrödinger, ule unaoeleza mwenendo wa elektroni, tayari umegoma kutoa jibu kamili. Kwa nini? Fungeni mbuzi wawili wakorofi kwenye kigingi kimoja: mbuzi ni elektroni, kigingi ni kiini cha atomu. Kamba inawavuta wote katikati, na kila mmoja anakwepa pembe za mwenzake. Ukiniuliza huyu yuko wapi, lazima nikuulize kwanza yule yuko wapi.

Darasani kwangu hesabu hii hufanywa kwa penseli. Kwanza jifanye mbuzi hawaonani: kuzing'oa elektroni zote mbili kutahitaji elektronivolti 108.8. Maabara inasema 79. Tumepotea mbali! Haya, ingiza kusukumana kwao, ila kwa wastani, kana kwamba kila mbuzi ametapakaa uwanja mzima. Ukijitahidi hadi mwisho wa njia hiyo utafika 77.9, na hapo utakwama.

Najua mtakachosema, nimeambiwa Arusha na nimeambiwa hapa: "Daktari, imebaki moja tu, iache." Siiachi! Kung'oa haidrojeni moja kwenye molekuli ya maji kunahitaji kama elektronivolti 5. Anayekosea kwa 1 atatabirije kemikali gani itaungana na ipi?

Mwaka 1929 Hylleraas, kijana wa Norwei, aliingiza umbali kati ya elektroni hizo mbili ndani ya hesabu yenyewe. Mbuzi wakaanza kuonana. Akafika 79, kwa mashine ya hesabu ya mezani, kabla kompyuta hazijakuwepo. Basi asiniambie mtu kwamba nadharia ya atomu inasubiri maabara ya mabilioni. Inasubiri hisabati, karatasi, na mwalimu anayemvumilia mwanafunzi akosee mara nne ubaoni. Sisi tunampa 79 akariri, halafu tunashangaa anapoichukia fizikia.

Molekuli sasa. James na Coolidge walitumia wazo hilohilo kwa molekuli ya haidrojeni mwaka 1933, viini viwili, na… naona mwenyekiti ananyanyua saa. Sawa. Migongano ya elektroni na atomu nayo tutaikosa leo.

Karatasi za heliamu ziko pale mlangoni. Hatua ya tatu nimeiacha wazi makusudi. Msiniletee jibu, nileteeni mahali mlipokwama.