Kabla Hujauliza Mshahara, Uliza Rosta

Jamani asanteni, kaeni, kaeni. Wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Naona na wazazi wamekuja leo, shikamooni, nimefurahi sana, maana nyie ndio mnaouza viwanja kulipia haya mafunzo, kwa hiyo habari yenyewe inawahusu kuliko mnavyodhani.

Kila nikialikwa kuongea na vijana wa urubani swali la kwanza ni lilelile, kapteni, rubani analipwa shingapi. Leo silijibu. Sio siri, ila jibu lake halikusaidii chochote kama hujajua hizo hela unazipata kwa kuishi vipi. Mimi nasema, na nimesema mpaka wenzangu kazini wamechoka kunisikia, maisha ya rubani yanaamuliwa na vitu viwili: rosta yako, yaani ratiba ya zamu zako za mwezi, imekaaje, na kituo chako cha kazi kiko umbali gani na kitanda chako. Mshahara upange mstari nyuma ya hivyo viwili.

Najua kuna mtu hapo anasema moyoni, huyu analalamika nini, rubani si anaruka masaa 80 tu kwa mwezi, mjomba wangu yuko benki anapiga 160 na hajawahi kuitisha mkutano. Haya, tukae hapo. Chukua sheria za Ulaya kwa sababu zimeandikwa wazi. Kuruka mwisho masaa 100 ndani ya siku 28, na 900 kwa mwaka. Ukiishia hapo unaona raha tupu. Lakini sheria hizohizo zinasema muda wa kazi, yaani tangu unaporipoti mpaka unapoachiwa, unaweza kufika masaa 60 ndani ya siku 7 na 190 ndani ya siku 28. Sasa hayo 90 ya katikati ya 100 na 190 yamekwenda wapi? Yamekwenda kwenye kuripoti saa nzima kabla ya ndege kuondoka, yamekwenda kwenye kukaa chini kusubiri fundi, kusubiri mafuta, kusubiri abiria wa kuunganisha, kusubiri wingu litoke. Na mashirika mengi posho yako inahesabiwa kwa saa za kuruka tu, ndege inapoanza kusogea mpaka inapofunga breki kule ilikofika. Ukikwama Mwanza masaa matatu, hayo matatu yamekula siku yako na hayajaingia mfukoni. Na bado hapo hoteli haimo. Hoteli kwenye karatasi inaitwa mapumziko, na ukiwa nje ya kituo chako sheria hizohizo zinaruhusu upewe masaa 10 tu, 8 ya kulala humohumo ndani. Mtoto ana homa Tabata, wewe uko Johannesburg umeandikwa unapumzika!

Ndio maana nawaambia muache kuhesabu masaa, hesabuni usiku. Kwa mwezi utalala kwako mara ngapi, na zile za nje ni za kulala kweli au ni za kuruka? Mwili wa binadamu kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi unashuka, haujali wewe ni kapteni au nani. Mwaka 2010 Mangalore kule India, ndege ya Air India Express imetoka Dubai usiku, kapteni kalala njiani zaidi ya saa moja na nusu, kaamka akili haijarudi sawasawa, wanakuja kutua wako juu mno, kopailoti, yaani rubani msaidizi, anamwambia mara tatu tuache kutua tuzunguke, hazunguki. Walikufa watu 158. Kwa hiyo mtu akinambia habari za usiku ni marubani kudeka tu, mimi nashindwa kumvumilia kwa kweli.

Sasa ile ajali ya Colgan, shirika la Marekani. Wanaonijua wanajua siwezi kumaliza bila hii, na nitaendelea kuisema mpaka nistaafu.

Tarehe 12 Februari 2009, Colgan Air namba 3407, Newark kwenda Buffalo, ndege ya pangaboi mbili aina ya Q400, hizohizo mnazozijua. Kopailoti ni dada wa miaka 24. Kituo chake Newark, mashariki kabisa mwa Marekani, anakoishi ni karibu na Seattle, magharibi kabisa, kwa wazazi wake. Ili aripoti kazini ilibidi apande ndege za mizigo usiku kucha kama abiria, anabadilisha Memphis, anafika Newark asubuhi. Kazi yake ni ya mchana mpaka usiku. Analala wapi hapo katikati? Kwenye chumba cha wafanyakazi, kwenye kochi. Kapteni naye anaishi Florida, naye usiku uliotangulia kalala kwenye chumba hichohicho cha wafanyakazi. Na huyu dada alikuwa mgonjwa, anapiga chafya, sauti yake iko kwenye rekodi ya chumba cha marubani, anasema ningekuwa najisikia hivi nikiwa nyumbani nisingekuja, lakini sasa nimeshafika huku, nikisema naumwa itabidi nijilipie hoteli. Mmesikia? Hesabu ya kuruka au kutokuruka na mafua imepigwa kwa bei ya chumba cha hoteli, na mshahara wake ulikuwa wa chini, hoteli ya Newark ingeuma kweli. Usiku ule kasi ya ndege ikashuka hawajaona, usukani ukaanza kutikisika kuwaonya, kapteni badala ya kusukuma mbele akavuta nyuma. Watu 49 ndani ya ndege na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake chini. 50.

Nisiwadanganye, wachunguzi hawakusema uchovu ndio chanzo. Chanzo walichoandika ni kapteni alivyoitikia lile onyo. Walisema uchovu huenda uliwapunguza wote wawili ila kiasi gani haikuweza kupimika. Sawa, nakubali, mimi naheshimu ripoti. Lakini mimi sihitaji ripoti inambie kwamba binti wa miaka 24 hatakiwi kuvuka bara zima usiku, mgonjwa, alale kwenye kochi, halafu aingie kwenye mawingu ya barafu na abiria. Wamarekani wenyewe walielewa, Congress, bunge lao, ikapitisha sheria mwaka 2010, kopailoti kwa kawaida akatakiwa kuwa na masaa 1,500 ya kuruka kuanzia 2013, na sheria mpya za mapumziko zikaanza Januari 2014. Ila marubani wa ndege za mizigo wakaachwa nje ya hizo za mapumziko, ambao ndio wanaruka usiku kuliko wote! Hili nalo likipata nafasi nitalirudia. Haya twende.

Utasema hiyo Marekani kapteni, sisi huku hatuna hayo. Tunayo. Nawafahamu watu hapa familia iko Arusha, kituo Dar. Familia Mombasa, kituo Nairobi. Anafika kazini kwa kubahatisha kiti, ndege ikijaa anabaki, akibaki anachelewa kuripoti, kwa hiyo anatangulia siku moja kabla na ile siku ya mapumziko aliyopewa inaishia njiani. Rosta inamwandikia siku nane za kupumzika, nyumbani wanamuona siku nne. Na hata hizo nne anakuja anasinzia mezani, watoto wanaambiwa shh baba kalala.

Halafu kuna Ghuba. Vijana wote macho yako Dubai na Doha, na siwazuii. Hakuna kodi ya mapato, wengine wanapewa nyumba, ada za shule, ndege kubwa. Ni ofa nzuri na imesomesha watoto wengi wa Afrika Mashariki. Ila pimeni kwamba kule kibali chako cha kuishi kimefungwa kwenye hiyo kazi. Kazi ikikatika, nyumba, shule na ruhusa ya kukaa vinakatika pamoja. Mwaka 2020 corona ilivyokuja watu wamefungasha maisha ya miaka mingi kwa wiki chache, watoto katikati ya muhula. Ukienda, nenda na nyumba yako huku imesimama na akiba ya mwaka, sio na mkopo wa gari.

Tuje kwenye namba. Kwenye mashirika makubwa ya Marekani tarehe uliyoajiriwa inakupa namba kwenye orodha ya marubani, na namba hiyo ndiyo inaamua kila kitu, ndege gani, kituo gani, likizo ya Desemba au ya Februari, ukapteni lini. Na haihami. Ukihama kampuni una miaka 45 unaanza chini ya kijana wa miaka 26. Sasa hapa ndipo watu wanapokosea hesabu kwa sababu ya milia minne ya kapteni begani. Kopailoti mkongwe aliye juu kwenye orodha anachagua safari zake, anajua mwezi ujao atakuwa wapi, anahudhuria harusi. Akikubali ukapteni anakuwa wa mwisho kwenye orodha ya makapteni, yuko standibai, simu mkononi, anatumwa Krismasi na Idi zote. Wako waliokataa ukapteni kwa miaka kwa sababu hiyo na mimi nawaona wana akili timamu. Mwaka 2022 marubani wa United, shirika kubwa la huko Marekani, waliletewa mkataba wenye nyongeza ya mshahara, asilimia 94 ya waliopiga kura wakaukataa. Sio kwamba hawapendi hela!

Huku kwetu kampuni nyingi hakuna kuchagua, rosta inatoka ofisini. Basi uliza: inatoka siku ngapi kabla ya mwezi kuanza? Ikibadilishwa, nani anabadilisha, na naruhusiwa kusema hapana? Muulize rubani anayefanya kazi pale, usimuulize anayekuhoji.

Na msidharau Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja. Dar kwenda Zanzibar dakika kama ishirini, mara nyingi kwa siku, joto, mabegi unapakia mwenyewe, ndio. Lakini jioni unakula nyumbani. Mtu akiniambia amechagua hiyo mpaka watoto wamalize shule ya msingi, mimi simwiti aliyeshindwa, na nyie wazazi msimwite hivyo mtaani.

Muda naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka haraka basi. Afya: cheti chako cha daktari, kwa viwango vya kimataifa kwenye ndege za marubani wawili, ni cha mwaka mmoja mmoja, ukifika 60 ni miezi sita sita, na 65 ndio mwisho kwenye ndege za abiria za kimataifa. Presha ikipanda kesho huna kazi, kwa hiyo uliza kama kuna bima ya kupoteza leseni. Mabinti, viwango vya kimataifa vinaruhusu rubani mjamzito asiye na matatizo kuruka kuanzia mwisho wa wiki ya 12 mpaka mwisho wa wiki ya 26 tu, miezi mingine yote uko chini, na posho ya kuruka haipo, kwa hiyo uliza utalipwa nini kabla hujasaini, ulizeni bila aibu. Akiba ya uzeeni: mgomo wa marubani wa Kenya Airways Novemba 2022, jambo kubwa mle lilikuwa michango ya mfuko wa akiba, soma kipengele hicho kwenye mkataba kabla ya kile cha mshahara. Mikopo ya mafunzo nilitaka kuiongelea sana na leo haitawezekana.

Haya, yule kijana wa shati la bluu kanyoosha mkono tangu mwanzo. Ila kama ni mshahara, ushushe.