Chambo cha harufu: kunasa mbu katika mji wa mazuku

NEEMA: Karibuni, wasikilizaji wa Goma, wa Sake, wa Gisenyi ng'ambo ya mpaka, na nyote mnaotusikiliza kwenye simu. Leo tunazungumzia pua ya mbu. Ukitaka kujua mbu gani wanauma watu katika karitye fulani, ni wengi kiasi gani, na kama wamebeba vimelea, lazima kwanza uwashike. Bahati, tuanze na njia ya zamani.

BAHATI: Njia ya zamani, yaya, ni mtu kukaa usiku kucha miguu ikiwa wazi, ana tochi na mrija wa kuvutia mbu, akimwahi kila anayetua kabla hajauma. Ni kipimo kizuri sana, maana chambo ni mtu mwenyewe. Ila kwa malaria unaweza kumpa mtu huyo dawa ya kinga. Kwa dengue na chikungunya hakuna kidonge cha kumeza kabla ya kukaa kwenye kiti. Ndiyo sababu watu wa kazi hii wanatafuta chupa na kitambaa vinavyonuka kama mtu.

NEEMA: Na mtu ananukaje kwa mbu?

BAHATI: Kwa mbali ananuka pumzi. Hewa tunayotoa puani ina hewa ukaa karibu asilimia 4, na hewa ya nje ina karibu asilimia 0.04. Ni mara mia. Mbu jike anaisikia kwa vipapasio viwili vilivyo kando ya mdomo wake, na akiisikia anageuka kufuata upepo unakotoka. Akikaribia, ngozi ndiyo inayoongea: asidi ya laktiki, amonia, na asidi za mafuta. Jasho bichi halimvutii sana mbu wa malaria. Linamvutia likishakaa na bakteria wa ngozi kwa siku moja au mbili.

NEEMA: Ndiyo maana ya hadithi ya jibini.

BAHATI: Ndiyo, na ina elimu ndani yake. Watafiti Bart Knols na mwenzake Ruurd de Jong walionyesha kwamba Anopheles gambiae, mbu wa malaria, huvutwa na jibini la Limburger. Bakteria wanaolinukisha jibini hilo ni ndugu wa karibu wa wale wanaoishi katikati ya vidole vya miguu. Kutoka hapo, kazi ikawa kutenganisha harufu ile, kemikali moja moja, mpaka upate mchanganyiko unaoweza kuutengeneza upya leo na mwakani bila kubadilika.

NEEMA: Hapo kwenye "bila kubadilika" nataka tukae kidogo. Soksi iliyovaliwa siku nzima inavuta mbu, na ni ya bure. Kwa nini tusiitumie?

BAHATI: Kwa kuonyesha wanafunzi, tumia. Kwa kupima, hapana. Soksi yangu si soksi yako. Watu wanatofautiana sana kwa kuvutia mbu, na mtu yuleyule leo si wa kesho. Ukipata mbu 12 Jumatatu na 30 Alhamisi, utajuaje kama mbu wameongezeka au aliyevaa soksi amebadilika? Mchanganyiko uliotengenezwa Kenya, unaoitwa Mbita, una vitu vitano: amonia, asidi ya laktiki, asidi ya tetradekanoiki, metilibutanoli na butilamini. Kila kimoja kinalowekwa kwenye kipande chake cha nailoni, kisha vipande vinaning'inizwa pamoja ndani ya mtego. Nailoni inashinda vifuko vya plastiki kwa sababu inaachia harufu kutoka eneo lake lote.

NEEMA: Na mtego wenyewe?

BAHATI: Kwa Anopheles, mmoja unaojulikana ni Suna. Neno hilo ni la Kijaluo, maana yake mbu. Una feni ya volti 12: inasukuma hewa yenye harufu nje na kuvuta mbu ndani. Unaning'inizwa nje ya nyumba, ukingo wa chini ukiwa sentimita 30 kutoka ardhini, kwa sababu gambiae huruka chini akitafuta miguu. Ukiupandisha mita moja kwa kuogopa kuku na watoto, mavuno yanaanguka.

NEEMA: Tuingie jikoni sasa. Hewa ukaa tunaipata wapi? Mitungi ya gesi ni ghali, na barafu kavu hapa haipo.

BAHATI: Hamira na sukari, vyote vinapatikana Birere. Kwa mtego mmoja, usiku mmoja: sukari gramu 250, hamira kavu gramu 17.5, maji ya vuguvugu lita 2. Chukua bidoni ya lita 5, ili povu lipate nafasi. Povu likipanda kwenye mrija, usiku umeharibika. Toboa kifuniko, pitisha mrija laini wa milimita 6 hivi, ziba pembeni kwa gundi ya silikoni, na upeleke mwisho wa mrija pale harufu inapotokea mtegoni. Usifunge kamwe bidoni yenye hamira bila njia ya gesi kutoka. Itapasuka.

NEEMA: Inatoa kiasi gani?

BAHATI: Kwa hesabu ya kemia, gramu 342 za sukari zinatoa gramu 176 za hewa ukaa. Kwa hiyo gramu 250 haziwezi kuzidi kama gramu 128, yaani lita 70 hivi kwa vipimo vya usawa wa bahari. Gawa kwa saa 12, ni karibu mililita 100 kwa dakika. Mtu mzima aliyelala anatoa mililita 200 au zaidi. Kwa hiyo hata chupa yako ikifanya kazi kikamilifu, ni nusu ya mtu.

NEEMA: Na Goma haifanyi kikamilifu.

BAHATI: Hapo ndipo tatizo letu, yaya. Tuko mita 1,500 juu ya bahari, na usiku joto linashuka karibu nyuzi 15. Hamira inapenda nyuzi 30. Chupa inaanza kwa nguvu saa kumi na mbili jioni maji yakiwa vuguvugu, halafu saa nane za usiku imelegea. Bahati mbaya gambiae na funestus, mbu mwingine wa malaria, wanauma zaidi kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Yaani chambo kinalala wakati mbu wanaamka.

NEEMA: Mtu atajuaje bila mashine?

BAHATI: Chomoa mrija, tumbukiza ncha yake kwenye glasi ya maji, hesabu mapovu kwa dakika moja. Fanya hivyo saa moja jioni, saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, uandike. Saa moja mapovu yanafuatana kama mtu anayekoroma. Alfajiri unaweza kuhesabu mpaka tatu ndipo lije lingine. Dawa ni kuikinga chupa: ifungie blanketi au iweke ndani ya katoni iliyojaa makapi ya mahindi makavu, na usiiweke juu ya jiwe la lava, maana jiwe linanyonya joto lote. Afadhali kuwa na chupa mbili, ya pili ukiichanganya saa nne usiku.

NEEMA: Kuna kinachoweza kuchukua nafasi yake kabisa?

BAHATI: Kemikali iitwayo butanoni. Kule Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Kenya, ndiyo waliyotumia badala ya hewa ukaa, pamoja na mchanganyiko wa Mbita na umeme wa jua nyumba kwa nyumba. Matokeo yalitoka mwaka 2016: maambukizi ya malaria yalikuwa chini kwa asilimia 29.8 penye mitego, na funestus walipungua kwa asilimia 69.2. Lakini ni kila nyumba kuwa na mtego, pamoja na vyandarua. Mtego mmoja mlangoni kwako haukukingi. Unaweza hata kukuletea wageni.

NEEMA: Sasa mazuku. Msikilizaji wa Kinshasa labda hajui: huku kwetu ardhi yenyewe inatoa hewa ukaa, hasa upande wa magharibi kuelekea Sake. Ni nzito kuliko hewa, inatulia kwenye mabonde na mashimo ya lava, na inaua mbuzi na watu.

BAHATI: Na mtego unaotegemea hewa ukaa ukiuweka karibu na hapo, hupimi kitu. Mbu anafuata tofauti kati ya moshi wa pumzi na hewa inayouzunguka. Kama hewa yote imeshajaa gesi ileile, chupa yako ni mshumaa juani. Utaandika "mbu 2" na mtu ofisini atadhani mtaa ule ni salama. Lakini kubwa kuliko namba ni uhai wa anayekusanya. Gesi inajikusanya usiku upepo ukitulia, na mitego inafunguliwa alfajiri. Mtu ameinama, uso uko sentimita 30 kutoka ardhini! Usiweke mtego shimoni, usiweke palipo na nyasi zilizokauka ovyo au wadudu waliokufa, na waulize wazee wa mtaa kabla ya kuchagua nyumba. Wanajua kila shimo.

NEEMA: Asante kwa kulisema hilo wazi. Na mbu wa mchana?

BAHATI: Aedes, wale wa dengue na chikungunya. Lava inameza maji, madimbwi ni machache, lakini watu wanahifadhi maji kwenye mapipa na bidoni, na tairi kuukuu ziko kila kona. Kwao tumia BG-Sentinel: mfuko wenye uso mweupe na mdomo mweusi, chambo chake kina laktiki, amonia na asidi ya kaproiki. Unakaa chini kabisa, kivulini, pasipo upepo, na unafanya kazi saa 24. Ukiuweka juani, wanaonaswa watakauka hata usiweze kuwatambua.

NEEMA: Makosa gani yanarudi kila mara?

BAHATI: Nyaya za batri kugeuzwa. Feni inazunguka kinyume, inapuliza mbu nje, na wewe unasikia mlio ukidhani mambo ni mazuri. Shika karatasi nyembamba mdomoni mwa mtego: lazima ivutwe ndani. Kosa jingine ni batri kuisha saa tisa, na mbu waliokuwa ndani wakatoka. Pima volti jioni na asubuhi. Feni ikikutwa imesimama, usiku ule unafutwa, hauandikwi sifuri. Halafu kuna mikono yenye losheni au sabuni ya manukato. Vaa glavu ukigusa nailoni. Na sisimizi! Wanakula tumbo na mabawa, wanakuachia miguu. Paka grisi kwenye kamba ya kuning'inizia.

NEEMA: Ukilinganisha mitaa miwili?

BAHATI: Zungusha mitego. Mtego A ukikaa Himbi wiki yote na B ukikaa Majengo, hutajua kama tofauti ni mtaa au feni. Kila usiku ibadilishane nafasi. Na chambo kipya kikija, kiendeshe sambamba na cha zamani usiku kadhaa kabla ya kukitupa cha zamani.

NEEMA: Asubuhi, mfuko umejaa.

BAHATI: Weka mfuko kwenye friza dakika 30, kisha mwaga kwenye sahani nyeupe. Anopheles jike utamjua kwa vipapasio virefu sawa na mdomo; vya Culex jike, mbu wa jamii nyingine, ni vifupi. Ila gambiae na ndugu yake arabiensis wanafanana kabisa kwa macho, hao wanahitaji PCR, yaani kipimo cha vinasaba cha maabara. Kwa kutafuta vimelea, kata kichwa na kifua utenge na tumbo, kwa sababu vimelea vilivyo tayari kuambukiza viko kwenye tezi za mate. Mbu mmoja, kichupa kimoja, jeli ya silika chini, pamba kidogo katikati ili mbu asiguse jeli. Jeli ikibadilika rangi, ibadilishe siku hiyohiyo, la sivyo kuvu litakuwahi. Lebo iandikwe kwa penseli: tarehe, nyumba, namba ya mtego, na yale mapovu ya saa sita na ya alfajiri.